Mtoto Aliyeandikwa Hasikii

Mumbua hakuwa mtu wa kuamini kitu chochote kilichofika kwake pamoja na fomu. Na msimcheke, alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma watu wa mradi walikuja hapo nyumbani kwake, chini kidogo ya soko la Tulia, na gari jeupe na maneno matamu. Wakampiga mtoto picha akiwa amekaa mavumbini, wakamjazisha mama kurasa tatu, wakaahidi kurudi baada ya wiki mbili. Hadi leo. Baadaye shemeji yake Ndolo alikuja na habari kwamba ameiona ile picha mjini Kitui, imekuzwa ikawa kubwa kama mlango, imetundikwa kwenye hema la mkutano, na chini yake maneno ya kuomba huruma. Siku hiyo Mumbua alilia, tena kilio cha hasira. Mwanawe si wa kuhurumiwa! Amechelewa kusema, basi.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne na maneno sita. Maji, mama, mbuzi, hapana, na mengine mawili ambayo ni mama yake tu aliyeyaelewa. Nyumbani walimwita Mutumia, yaani mzee kwa Kikamba, kwa sababu alizaliwa na kipara na uso wa kununa, na jina likamkaa. Januari alitakiwa kuanza chekechea. Mwalimu wa chekechea alikuwa amesema waziwazi: mtoto asiyesema hampokei mpaka aletewe karatasi ya kuonyesha kwamba amepimwa.

Ndiyo maana Oktoba, yule msichana alipopiga hodi na fomu yake kifuani, Mumbua hakumfukuza. Lakini kumkaribisha? Hapana. Alimwacha asimame juani kwa muda wa kutosha kumchunguza toka hijabu hadi viatu.

"Naitwa Ismahan," msichana akasema, kwa Kikamba kilichonyooka. "Mimi ni binti wa Deeq, yule mnunuzi wa mbuzi pale sokoni. Nasomea kazi ya msaidizi wa tiba ya usemi. Tumetumwa mashinani kufanya mafunzo ya vitendo, na mwalimu wa chekechea amenielekeza hapa kwa mtoto wako."

Deeq alijulikana. Alikuwa mtu wa haki, ingawa bei zake zilikuwa za kukutoa machozi. Lakini hicho chuo ndicho kilichomtia Mumbua shaka. Chuo hicho hicho kilifundisha pia washauri wa kazi, na mmoja wao, kijana wa tai, alikuja kanisani kwao akamkalisha Ndolo nusu saa nzima na maswali. Mwisho akamwambia kwamba kazi inayomfaa ni ufugaji wa nyuki. Ndolo! Mtu anayekimbia hata nzi akivuma kwa nguvu! Sasa chuo kilichomwona Ndolo kikaona mfuga nyuki, kitamwona Mutumia kione nini?

"Jina la mtoto?" Ismahan akauliza, kalamu tayari.

Mumbua aliingia ndani, akatoka na kitabu cha kliniki, akakifungua na kumwekea mkononi. "Liko hapo."

"Si ungenitajia tu, mama?"

"Nimekwambia liko hapo. Kwani hujasoma?"

Ismahan akasoma kimyakimya, akaandika. Kisha akamwangalia Mumbua kwa jicho la pembeni, jicho la mtu anayeuziwa simu asiyojua imetoka wapi. "Samahani kwa kuuliza. Wewe ndiye mama yake mzazi?"

Loo! Swali hilo lilimchoma Mumbua mpaka kwenye ini. Miezi tisa ya kubeba, siku mbili za uchungu, halafu mtoto wa jana akuulize kama wewe ni mama. "Niulize tena," alisema polepole, "halafu uone mlango wa kutokea uko wapi."

Hivyo ndivyo walivyoanza, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Mambo hayakuwa mazuri zaidi msichana alipotaja sheria yake ya kupima. Mama asikae karibu wakati mtoto anapimwa, kwa sababu mtoto humtazama mama ili apewe jibu. Mumbua akachukua jembe, akaenda mpaka mwisho wa shamba, alikokuwa akitayarisha mashimo ya kungojea mvua. Akalima huku shingo imegeukia nyuma. Toka huko hakusikia neno hata moja, ila aliona. Aliona kioo kikitolewa kwenye mkoba na mtoto akionyeshwa uso wake. Aliona mrija, na povu la sabuni likipulizwa hewani. Hayo alivumilia. Lililomtoa jasho ni kwamba msichana alisema kitu kimoja, kisha akanyamaza. Akamkazia mtoto macho, mikono mapajani, midomo imefungwa, kwa muda mrefu. Akasema tena, akanyamaza tena. Hata mganga wa kienyeji huimba! Huyu anamkodolea macho mtoto wa watu tu, kama paka aliyeona panya.

"Ni nini ile unamfanyia mtoto, kumtazama vile?" alimuuliza alipomaliza.

"Nahesabu hadi kumi moyoni. Tunafundishwa hivyo. Ukimwuliza mtoto mzito wa kusema, usimjibie. Mpe nafasi."

Mumbua akasema "ehe," ile ya mtu asiyeamini.

Ziara ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu. Zote zilikuwa Jumanne, asubuhi, wakati ambapo baba mkwe wake ameshaondoka na mifugo kuipeleka mtoni. Baada ya ziara ya tatu Ismahan alikuja na karatasi iliyopigwa chapa. Hakuwa na furaha. Aliitoa mkobani, akairudisha, akaitoa tena.

"Mama, nimepima mara tano kila siku, siku zote tatu. Mtoto haitiki sauti ya mtu. Hageuki hata kidogo. Kwa mafunzo yetu, hiyo ni dalili kwamba hasikii."

"Nani hasikii?"

"Kuna kipimo cha mashine, lakini foleni yake ni mpaka mwakani. Nafasi iliyopo sasa ni ya shule ya bweni ya watoto wasiosikia, ng'ambo ya Makueni, kupita Mbumbuni. Wanafunga orodha wiki ijayo. Mkufunzi wangu atakuja Alhamisi kuhakikisha, halafu wewe utie sahihi hapa."

Mumbua alisoma ile karatasi akiwa amesimama. Bweni. Mtoto wa miaka minne, mwenye maneno sita, alale kwenye bweni mbali kiasi kile, na katika hayo sita neno la kuombea choo halimo. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Na nisipotia sahihi?"

"Chekechea hawatampokea bila ripoti ya chuo. Na ripoti ndiyo hii."

Msichana alipoondoka, Mumbua alikaa na mashaka yake kama mtu aliyeachiwa wageni wasioaga. Mtoto huyu anasikia! Si ndiye anayekuja mbio kifuniko cha kopo la sukari kikifunguliwa, hata awe nyuma ya ghala? Hata hivyo akaamua kuhakikisha. Alichukua sufuria, akanyata nyuma ya mtoto, akaiangusha kwenye jiwe. Mutumia aliruka hivi! Akaangusha kijiko, mtoto akageuka. Akanong'ona "mbuzi" akiwa nyuma ya mlango, mtoto akatoka nje kuwatafuta mbuzi. Basi nani mwongo hapa?

Alipoenda dukani kununua chumvi alimkuta Mama Mbaluka, mwenye duka, ambaye hujua mambo kabla hayajatokea. "Dada yangu," Mama Mbaluka akamwambia, akiegemea meza, "hao wanafunzi wanatakiwa wapeleke idadi ya watoto chuoni. Asipopata wa kutosha, hafuzu. Unafikiri atamwandika nani? Mtoto asiyesema ndiye hawezi kubisha."

Maneno hayo yalimwingia Mumbua na kujenga nyumba. Kumbe ndiyo maana anafukuzwa hadi mwisho wa shamba! Kumbe pengine hata hampimi, anakaa naye tu akimkodolea macho, halafu anaandika atakacho. Alimpigia simu mumewe Musyimi, ambaye hutengeneza malori pale Kambu kwenye barabara kuu ya Mombasa, na alikuwa karibu kupasuka.

"Usitie sahihi," Musyimi akasema, kelele za lori nyuma yake. "Ngoja huyo mkufunzi aje. Lakini Mumbua, nakujua. Usimtusi mtoto wa watu."

"Simtusi. Nitamnyoosha tu."

Alhamisi ikafika. Mkufunzi aliitwa Bwana Nzomo, mtu mnene wa haraka, aliyekuja kwa bodaboda na kuiambia imngojee. Siku hiyo baba mkwe hakwenda na mifugo. Alikuwa ameambiwa kuna mgeni wa chuo, na mzee wa boma haondoki mgeni akija. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya ghala, mgongo umewaelekea, akichonga mpini wa jembe kwa panga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Na kwake Mumbua, kwa miaka sita ya ndoa, maneno yao yalikuwa yale ya heshima tu, ya mbali, kama inavyotakiwa kati ya mzee na mke wa mwanawe.

"Mama, utatupisha kidogo," Bwana Nzomo akasema.

"Leo sitoki," Mumbua akajibu, akakaa kitako kwenye mkeka. "Mkitaka kunitoa, mwiteni chifu."

Bwana Nzomo akatazama saa, akakubali. Mtoto aliwekwa katikati ya mkeka na shanga za kupanga. Ismahan akakaa nyuma yake, hatua tatu hivi. Mumbua alikodoa macho, maana leo ndiyo leo, akimwona anadanganya atamkamata papo hapo. Msichana akavuta pumzi, akaita kwa sauti safi ya kusikika.

"Kivuva!"

Mtoto akaendelea na shanga zake.

"Naam!" akaitika baba mkwe kutoka kwenye ghala, akasimama na panga mkononi. "Nani ananiita?"

Ismahan akamgeukia mzee, akamgeukia mtoto, akalitazama tena jina kwenye fomu yake. Na Mumbua, woi, Mumbua alijifunika uso kwa leso. Kwa maana sasa ndipo alipoelewa, na aibu ilimjia kwa wingi kama maji ya mto wa mvua.

Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi. Kivuva. Na mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe wake, si mbele yake, si nyuma yake. Marehemu mama mkwe alimwambia hivyo siku ya kwanza alipoingia katika boma hili, na Mumbua hakuwahi kulitamka hata ndotoni. Siku ya kumwombea mtoto kanisani, pasta ndiye aliyelitaja. Kliniki, alikuwa akionyesha kitabu. Musyimi naye hawezi kumwita mwanawe kwa jina la babake, humwita Mutumia. Babu mwenyewe humwita wajina. Katika boma lote hakukuwa na mdomo hata mmoja uliowahi kumwita mtoto huyu kwa jina lake.

"Mutumia," Mumbua akaita, chini kabisa, akiwa bado amejifunika uso.

Mtoto akaacha shanga, akageuka, akaja akamkalia mapajani.

"Amekuona," Bwana Nzomo akasema, ila bila nguvu.

Mumbua akainuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. "Mutumia," akanong'ona toka ndani. Hodi ndogo ikagongwa mlangoni papo hapo.

"Mama!" Ismahan alikuwa karibu kulia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza jina, nikakupa kitabu. Hukuniuliza tunamwitaje."

"Nami nikafikiri unaficha kitu. Nikafikiri labda si wako."

"Na mimi nikafikiri hata humpimi. Nimekusema vibaya mpaka dukani, mtoto wa Deeq. Unisamehe."

Bwana Nzomo alikuwa Mkamba, lakini aliyezaliwa na kukulia mjini, na aibu yake ilitoka kama hasira. "Ismahan, ziara tatu zote umejaribu neno moja tu? Ukifuta haya, hazihesabiki. Utaanza upya, na hutakuwa umemaliza wenzako wakifuzu."

Mumbua alimwangalia msichana. Hapa ndipo angemjua. Ismahan hakuhesabu hadi kumi. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya karatasi kutoka kona hadi kona, na juu yake akaandika, akisoma kwa sauti: anasikia, amechelewa kusema, afundishwe akiwa nyumbani.

"Sawa," Bwana Nzomo akasema, akikuna kichwa. "Bweni hakuna. Lakini nisikilizeni. Januari mwalimu ataita majina kwenye orodha, na ataita Kivuva. Mtoto asipoitika, mwezi wa pili mtarudi kwangu na karatasi ile ile. Lazima alijue jina lake, na atalijua kwa anayemlisha na kumwogesha. Mama, ni wewe. Umwite mara kumi kwa siku."

"Siwezi."

"Ni jina tu, mama."

"Kwako ni jina tu!" Kwa upande mmoja mwanawe, kwa upande wa pili mzee ambaye hajawahi kumkosea hata siku moja. Amvunjie heshima katika boma lake mwenyewe, mara kumi kwa siku, akiwa amekaa pale pale akisikia? Angemtazama na macho gani akimpelekea uji?

Mzee alikuwa bado amesimama. Akakohoa, akaja polepole mpaka kwenye ukingo wa mkeka, akamwelekea Bwana Nzomo, si Mumbua.

"Mwalimu, hiyo fomu yako bado ina nafasi?"

"Nafasi ya nini, mzee?"

"Umekuja toka Kitui kutafuta mtu asiyesikia. Si vizuri urudi mikono mitupu. Niandike mimi."

"Wewe? Lakini mzee, si wewe umeitika sasa hivi?"

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasema?"

"Nasema, si umeitika—"

"Sikupati, mwalimu. Masikio haya yamekwisha." Akageuka, akarudi kwenye kigoda chake, akainamia mpini wake.

Hakuna aliyecheka. Ismahan alikuwa anafuta macho kwa ncha ya hijabu. Ulimi wa Mumbua ulikuwa mzito kuliko wa mwanawe. Akamshika mtoto bega, akafumba macho, akasema.

"Kivuva."

Alingoja mbingu ianguke. Haikuanguka. Mtoto alicheza na kifungo cha nguo yake. Kando ya ghala panga liliendelea kuchonga, kwaa, kwaa, bila kupotea hata pigo moja.

Jumanne iliyofuata Ismahan alikuja na fomu mpya. "Ziara ya kwanza," akasema, na Mumbua akamtolea kiti, akamtolea na chai. Walifanya kazi wote wawili, mmoja akiita, wote wakihesabu hadi kumi moyoni. Sasa Mumbua alijua ule ukimya ni wa nini, na aliona jinsi ulivyo mgumu kuubeba.

Mzee naye alishika neno lake, tena kwa ukaidi wa Kikamba. Si jina tu, alikataa kusikia chochote. Ndolo akimwita chakulani, hasikii mpaka aguswe. Wenzake sokoni wakampigia kelele, wakachoka. Habari zikaenea Tulia nzima kwamba masikio ya mzee Kivuva yameziba ghafla, na Jumapili moja baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Walimwekea mikono kichwani, wakaomba nusu saa, Mama Mbaluka akiwa mbele yao na sauti ya kupasua bati. Mzee akasema amina. Wakamuuliza kama anasikia sasa. Akasema, "Mnasema?"

Mumbua alikuwa jikoni siku hiyo, akiwapikia wageni chai, na kopo la sukari lilikuwa mkononi mwake, bado limefungwa. Mtoto alikuwa uani kati ya watu wote wale, mgongo umemwelekea.

"Kivuva," akaita, kama mtu anayeita mtoto wake tu.

Mtoto akageuka. "Ii," akajibu, akaja mbio.

Akina mama wa kanisa wakamtazama Mumbua kwa mshangao, kisha kwa pamoja wakamgeukia mzee waone atafanya nini. Mzee alikuwa ameinamia mpini wake wa jembe, akiuchonga, na mpini wenyewe ulikuwa umekwisha zamani.